Hesabu Huanza Mikononi

Nchini Singapore, mtoto hafunzwi kugawanya kwa kukariri kanuni. Kwanza hushika vitu, kisha huchora picha, ndipo huandika tarakimu. Utaratibu huo ulianza huko miaka ya 1980. Katika mtihani wa kimataifa wa TIMSS wa 1995, wanafunzi wake waliongoza. Huko Japani, mara nyingi mwalimu hutoa swali moja, huwaacha wanafunzi walihangaikie, kisha njia zao hulinganishwa ubaoni. Hata jibu lenye kosa huwa somo.

Mzazi mwenzangu, mara ngapi mtoto wetu akikosea huambiwa hesabu si fungu lake, naye akaamini? Tende ishirini na sahani nne zatosha kumwonyesha maana ya kugawanya. Tumuulize amelipataje jibu, kabla ya kumwambia amekosea.