Mzee Anayetetemeka Hakurogwa

Pengine mmemwona mzee hapa Minova ambaye mkono wake hutetemeka akiwa ameketi tu. Hutembea kwa hatua fupi, sauti yake imefifia, uso wake hautabasamu, na kufunga vifungo vya shati humchukua muda mrefu. Watu husema, "Amerogwa," ama, "Amelewa." Sivyo. Huu ni ugonjwa, nao huitwa Parkinson, kwa jina la mganga James Parkinson wa London, aliyeandika habari zake mwaka 1817. Hauambukizi. Mnaweza kula naye sahani moja.

Asili yake ni nini? Katika ubongo mna chembe zinazotengeneza dopamini, ambayo husaidia ubongo kuongoza mwendo wa viungo. Protini moja iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kushikamana mabonge, na chembe hizo hufa polepole. Misuli hukakamaa kwa sababu haiongozwi vema na ubongo. Tena, misuli isiyotumiwa hunyauka.

Katika wilaya ya Hai, Tanzania, waganga walipita nyumba kwa nyumba, na habari zao zikatangazwa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33. Karibu wanane katika kila kumi walikuwa hawajapata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiteseka bila kujua kwamba iko dawa.

Dawa hiyo ni levodopa. Haiondoi ugonjwa, lakini hulegeza viungo na kumrudishia mtu mwendo. Sasa angalieni sana. Dawa hii huingia mwilini kwa njia ile ile inayopitia protini ya chakula. Kwa wagonjwa wengine, wakiimeza pamoja na maharagwe au sambaza, chakula hutangulia na dawa hubaki nyuma. Lakini msimnyime mzee vyakula hivyo! Bila protini misuli yake itakwisha. Badilisheni saa tu, msiondoe chakula.

Fanyeni hivi:

1. Mpelekeni hospitali apimwe. Msipoteze mbuzi na fedha kwa mpiga ramli.

2. Ampe dawa kwa saa zile zile kila siku, kama nusu saa kabla ya chakula, ama saa moja baada yake. Ikimletea kichefuchefu, mwambieni mganga.

3. Asiache dawa ghafula, hata akijisikia vizuri. Ni hatari.

4. Atembee kila siku, na mtu karibu naye asianguke.

5. Ale akiwa ameketi wima, polepole, asije akapaliwa.

Wanafunzi walipomwona kipofu, walimwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye ama wazazi wake. Bwana alikataa neno hilo, akamponya (Yohana 9). Basi nasi tusimtafutie mzee wetu mchawi wala dhambi. Tumshike mkono, twende naye hospitali, na Jumapili tumpe nafasi ya kuketi kanisani kati yetu.