Sumukuvu katika chakula cha nguruwe: Bakteria wa manufaa husaidia, lakini gunia safi ndilo la kwanza

Wafugaji wa nguruwe jijini Nairobi wanashauriwa wasiwape mifugo mahindi, wishwa au machicha yaliyoota ukungu, hata kama wanaongeza bakteria wa manufaa, yaani probiotiki, kwenye chakula. Bakteria hao wanaweza kupunguza sumu, lakini hawawezi kugeuza gunia bovu kuwa chakula salama.

Katika mitaa kama Kangemi, Kawangware, Waithaka na Uthiru, nguruwe hufugwa kwenye vipande vidogo vya ardhi. Chakula chao hutoka kwa wasagaji wa posho, viwanda vya pombe na hoteli za katikati ya jiji. Mahindi yaliyooza huuzwa kwa bei ya chini, na mara nyingi nguruwe ndio wanaoishia kuyala.

Sumukuvu ni nini?

Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Inayojulikana zaidi ni aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Sumu nyingine ni fumonisini, ambayo hujaza maji mapafu ya nguruwe, na zearalenoni, ambayo huvuruga uzazi wa nguruwe jike.

Nguruwe aliyeathirika hukataa chakula, hudumaa na huugua kwa urahisi. Anayenyonyesha anaweza kupitisha aflatoksini kwa watoto wake kupitia maziwa.

Wafugaji wengi huchemsha makombo ili kuua virusi vya homa ya nguruwe. Ni desturi nzuri na iendelee, ila moto wa jikoni hauondoi sumukuvu.

Bakteria hufanyaje kazi?

Kuna njia mbili. Baadhi, kama Lactobacillus rhamnosus, hunasa aflatoksini kwenye ukuta wa seli zao, kisha sumu hiyo hutoka na kinyesi kabla ya kuingia kwenye damu. Nchini Uganda, watafiti walitumia bakteria wa aina hii kuchachusha kwete, kinywaji cha mahindi, na aflatoksini ikapungua.

Bakteria wengine huvunja sumu yenyewe. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliidhinisha bakteria wa jamii ya Coriobacteriaceae kwa chakula cha nguruwe, kwa sababu huvunja sumu za kundi la trikothesini.

Hata hivyo, kila bakteria ana sumu anayoiweza. Anayenasa aflatoksini huenda asiguse zearalenoni. Sumu iliyonaswa pia inaweza kuachiliwa tena tumboni. Kwa hiyo maziwa lala ya nyumbani yasichukuliwe kuwa dawa ya mahindi mabovu.

Mfugaji afanye nini?

• Anunue mahindi yaliyokauka. Kiwango cha unyevu kisizidi asilimia 13.5.

• Apime kwa chumvi: atie mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, kisha atikise. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

• Aweke magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

• Atumie machicha yakiwa mapya. Huota ukungu haraka.

• Kabla ya kununua probiotiki, asome lebo na kuuliza ni bakteria gani, ni kwa sumu ipi, na kama bidhaa imeidhinishwa kwa nguruwe.

• Asichanganye chakula kibovu na kizuri. Hilo husambaza sumu tu.

Nguruwe wakikataa chakula au wakifa ghafla, mfugaji amwite daktari wa mifugo mara moja na ahifadhi sampuli ya chakula hicho mahali pakavu. Sampuli inaweza kupimwa katika maabara. Nyama ya mnyama aliyekufa isiliwe wala kuuzwa.