Vale, eto na vyuma vingine vya etabli: tusiviuze kwa kilo

Tukizunguka kwa waseremala wa Kavimvira, Mulongwe na Kalundu, tunakuta kitu kimoja mara nyingi. Chini ya etabli, kati ya vumbi la mbao, kuna chuma kilichopindwa kama tarakimu 7. Vijana wanakiita ferayi. Wazee wanakiita vale. Mnunuzi wa vyuma akipita anakipima kwa kilo, pamoja na mabati na rimu za baiskeli, na siku hiyo chama kimepoteza chombo.

Mtauliza, ndugu wanachama: agronome anatafuta nini kwa seremala? Tunatafuta mizinga ya nyuki. Mzinga wa Kenya unafunikwa na vijiti vya juu, na kwa nyuki wetu wa Afrika kila kijiti kinatakiwa upana wa milimita 32. Kikizidi au kikipungua, nyuki wanajenga sega kutoka kijiti kimoja mpaka kingine. Siku ya kuvuna unainua kimoja na vingine vinararuka, asali inamwagika, malkia anakufa. Milimita 32 haipatikani kwa mbao iliyokanyagwa kwa mguu huku msumeno unaenda. Inapatikana kama mbao imetulia kabisa. Mpini wa jembe nao ni vilevile.

Vale ndiyo inayoituliza. Unaingiza mguu wake ndani ya tundu la etabli, mdomo wake unalala juu ya mbao, unapiga nyundo mara moja kichwani: imekamata. Unapiga kwa nyuma, chini ya shingo: imeachia. Hakuna skrubu, hakuna springi. Mguu unajibana ndani ya tundu kwa kulala kidogo upande, ni hilo tu. Kwa hiyo tundu lizidi unene wa mguu kwa milimita 1 au 2. Likiwa pana sana, au etabli ikiwa nyembamba chini ya sentimita 5, vale inateleza na watu wanasema imekufa. Haijakufa. Ongezeni ubao mgumu chini ya etabli, mtoboe tundu upya, na mkwaruze mguu kidogo kwa tupa.

Chombo hiki ni cha zamani sana. Mfaransa André Roubo, seremala mwenyewe, alichora etabli yenye vale katika kitabu chake cha mwaka 1769, na ile ya leo haina tofauti kubwa. Kwetu vyombo vya namna hii vilikuja na wamisionari na karakana za wakati wa Wabelgiji. Kusini mwetu, kando ya ziwa, reli ilifika Kalemie mwaka 1915, wakati mji ukiitwa Albertville, na meli zikaunganisha huko na Kalundu. Kwa hiyo msishangae kukuta chuma cha Ulaya kwa fundi wa mitumbwi. Mkiona simba amepigwa mhuri juu ya chuma, ni Peugeot, wale wale wa magari. Walitengeneza misumeno na vyombo vya mafundi kabla ya gari lolote, na simba wao aliandikishwa mwaka 1858. Mkiona neno Record, ni eto ya Sheffield, Uingereza. Nambari 52 ina mdomo wa inchi 7, nambari 53 inchi 10 na nusu. Msikwaruze alama hizo mkitafuta kung'arisha.

Eto, ambayo vitabu vya Tanzania vinaita jiliwa, ichunguzeni kwa skrubu. Zungusheni mpaka mwisho, kwenda na kurudi. Ikiruka sehemu moja, meno yamelika. Midomo ya chuma inatakiwa kuvikwa mbao, la sivyo inauma kazi yenu.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kupiga nyundo. Chuma cha kufuliwa kinavumilia; fonti inavunjika. Tafuteni mstari mwembamba wa kalibu ubavuni: ukiwepo, ni fonti, pigeni polepole.

Vyombo vingi vililala ndani ya maji na matope katika mafuriko ya Aprili 2020. Kutu ya juu si kifo. Lazeni chuma ndani ya siki usiku mmoja, msugue, mwoshe, mkaushe juani siku hiyo hiyo na kupaka oili nyepesi ya mashine. Mawese hapana: yanaganda na kushika vumbi.

Chama kikianza kukusanya, kifungue daftari. Andikeni nani ameleta, kimetoka wapi, kimenunuliwa au kimeazimwa. Baada ya vita na uporaji wa miaka mingi, chombo chenye mhuri wa shule au parokia kirudishwe kwanza kwa wenyewe, hata kama aliyekileta ni mtoto wa nyumbani. Pia mwiteni papa seremala mwenye umri aoneshe kila kipande kinafanya nini, na kijana mmoja aandike, maana vingine havina jina tena kwa vijana wetu.

Mahali ambapo vale haipo, mfua chuma anaweza kuifua. Mpelekeeni ya zamani aiangalie kwa mkono, si picha ya simu. Akiiga unene wa mguu na mpindo wa shingo, itakamata.