Farasi huwasaidiaje wenye ulemavu? Ijue kazi yako ukijitolea

MKAZI wa Nairobi akitajiwa farasi hukumbuka mbio za uwanja wa Ngong. Ni wachache wanaofahamu kwamba mnyama huyu hutumiwa pia kuwasaidia watu wenye ulemavu, na kwamba kazi hiyo hutegemea sana wanaojitolea bila malipo. Nchini Uingereza, chama cha Riding for the Disabled Association kiliundwa mwaka wa 1969, na hadi leo huendeshwa hasa na watu kama hao.

Mfano uliowafumbua wengi macho ni wa Bi Lis Hartel wa Denmark. Mwaka wa 1944 aliugua polio, akapooza chini ya magoti. Ilimbidi asaidiwe kumpanda farasi na kushuka. Hata hivyo, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka wa 1952 alitwaa nishani ya fedha, akatwaa nyingine mwaka wa 1956.

Je, siri ni nini? Farasi anapotembea polepole, mgongo wake husogeza nyonga za aliyempanda mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kuzizungusha kidogo. Mwendo huo hufanana na wa nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Kila hatua humlazimu mpandaji kujiweka sawa asiyumbe, na hivyo misuli ya tumbo na mgongo hupata kazi. Utafiti umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo huimarika katika kuketi na kujisawazisha. Lakini hii si dawa ya kuponya ulemavu, wala haichukui nafasi ya matibabu mengine.

Anayehitaji msaada mkubwa huwa na wasaidizi watatu. Mmoja hushika kamba na kumwongoza farasi. Wawili hutembea ubavuni, kila mmoja upande wake. Wote humsikiliza mwalimu.

Ukiwekwa ubavuni, huenda ukaambiwa ulaze mkono juu ya paja la mpandaji na kushika sehemu ya mbele ya tandiko. Hapo jihadhari na huruma iliyozidi. Ukimkumbatia kiuno, au kumnyoosha kila anapoinama kidogo, unamnyima mazoezi yenyewe aliyoyafuata. Ukimvuta upande wako, unaweza kumwangusha. Mwache ajaribu, mkono wako ukiwa tayari. Tena zungumza naye yeye mwenyewe. Usimzungumzie kana kwamba hayupo.

Zingatia pia mambo haya ya usalama:

• Mkaribie farasi ukielekea begani, ukimsemesha. Hamwoni aliye nyuma yake kabisa, naye akishtuka huweza kupiga teke.

• Usijizungushie kamba mkononi. Farasi akikurupuka atakuburura.

• Vaa viatu vigumu vilivyofunika vidole. Mpandaji naye avae kofia ngumu ya kumkinga kichwa.

• Hakikisha umechanjwa dhidi ya pepopunda, kwani viini vyake hupatikana katika udongo na samadi ya farasi.

Si kila mtu anafaa kupanda. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa huweza kuanguka ghafla, na baadhi ya watu waliozaliwa na hali ya Down wana mifupa ya shingo isiyoshikamana vyema. Basi usimshauri mzazi ampandishe mwanawe kabla daktari hajampima na kuridhika.

Ukitaka kujitolea, si lazima ujue kupanda farasi. Kinachohitajika ni miguu inayoweza kutembea mchangani kwa muda mrefu, utulivu, na kutimiza ahadi. Hili la mwisho ndilo kubwa. Mtoto anayehitaji wasaidizi watatu hapandishwi na wawili. Usipofika siku yako, yeye hubaki chini akiwatazama wenzake.