Waya chakavu zaweza kuteketeza trekta

MATREKTA ya Massey Ferguson 135 yalianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na baadhi yangali yanalima Afrika Mashariki. Injini zake hudumu, lakini waya za umeme huzeeka kimya kimya. Joto, dizeli inayovuja na meno ya panya huharibu plastiki, shaba ikabaki wazi na kugusa bodi. Hapo huanzia shoti, na pengine moto.

Wamiliki wengi humwita fundi aviringishe utepe palipochubuka. Ni nafuu kwa leo, lakini trekta likigoma kuwaka mvua zikianza, mkulima hupoteza siku za kupanda, na anayelikodisha hupoteza wateja.

Dawa ni kubadilisha waya zote. Kwanza uondolewe waya wa betri unaofungwa kwenye bodi. Ndio pia wa mwisho kurudishwa. Kila waya utiwe alama kabla ya kung'olewa. Kisha hesabu: taa mbili za wati 55 kwa betri ya volti 12 hutumia takriban ampea 9. Waya mwembamba utachemka. Fyuzi nayo ilingane na uwezo wa waya, kwani ikizidi, waya utaungua kabla yake. Kutu na rangi vikwanguliwe mahali waya unapofungwa kwenye bodi.

Mwenye trekta ajumlishe bei ya waya, fyuzi na ufundi, kisha alinganishe na mapato ya siku chache za msimu. Kazi hiyo ifanywe kiangazi, trekta likiwa limepumzika.