Kifundo cha Fundi

Kuanzia Juni, mvua zikishakatika Songea, viwanja vya vyuo na shule hukauka hadi vinalia chini ya njumu. Nyasi za masika hubaki mafungumafungu, na mashimo yaliyochimbwa na miguu wakati wa tope huganda yakawa na kingo ngumu. Ni msimu wa mabonanza na ndondo, na ni msimu wa tabu kwa vifundo vya miguu. Mchezaji anaruka kupiga kichwa, anatua kwenye ukingo wa shimo, wayo unapinda kwa ndani, na walio karibu wanasikia mlio kabla hawajajua nini kimetokea. Akiwa beki wa pembeni, kocha anamwita mwingine na mchezo unaendelea. Akiwa yule mwenye jezi namba 10, ambaye kila shambulizi la timu hupitia kwake, basi ni timu nzima iliyoteguka.

Songea inaujua mpira. Majimaji, Wanalizombe wenyewe, walitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, wakarudia 1986 na tena 1998. Walirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16 na kushuka mwaka 2018. Lakini klabu ya ligi ina dirisha la usajili. Timu ya chuo cha ualimu au ya chuo kikuu haina. Ina wanafunzi waliopo mwaka huo, na miongoni mwao fundi wa kuchezesha timu huwa mmoja, wakibahatika wawili. Enka ya kijana huyo ikiumia wiki mbili kabla ya mashindano ya vyuo, hakuna wa kununuliwa.

Kwa nini sehemu hii ya mwili iwe dhaifu hivi? Jibu la kwanza liko kwenye maumbile. Mifupa miwili ya mguu, muundi na mwenzake mwembamba wa upande wa nje, hushuka na kuubana mfupa wa kifundo kutoka pande zote mbili. Upande wa ndani umefungwa kwa kano pana na nene. Upande wa nje una kano tatu tu, nyembamba zaidi. Isitoshe, mfupa wa nje umeshuka chini kuliko wa ndani, kwa hiyo wayo huzuiwa kupinda kwenda nje lakini hupata nafasi ya kupinda kwenda ndani. Zaidi ya mateguko 8 kati ya 10 ya kifundo hutokea upande huo wa nje, na kano ya mbele ndiyo kwa kawaida hutangulia kuchanika.

Jibu la pili ni la kasi. Misuli ya pembeni mwa mguu, ile inayouvuta wayo usipinde kwa ndani, huhitaji takriban sekunde 0.06 hadi 0.08 kuanza kuitika baada ya kushtuliwa, na muda zaidi kujenga nguvu ya kutosha. Mguu uliotua vibaya unaweza kuwa umeshapinda kupita kiasi ndani ya muda huohuo. Hii ina maana kwamba mwili hauwezi kutegemea kujiokoa baada ya kukanyaga vibaya. Lazima ubongo uwe umeshaandaa misuli kabla wayo haujagusa ardhi, na ili uandae, lazima uwe na taarifa sahihi ya jinsi wayo ulivyokaa hewani.

Taarifa hiyo hutoka wapi? Mwaka 1965 daktari wa Uingereza, M. A. R. Freeman, na wenzake walitoa maelezo ambayo wataalamu wanayajadili hadi leo. Waliona kwamba kano si kamba tu za kufungia mifupa. Ndani yake mna ncha za neva zinazoupelekea ubongo habari za mkao wa kiungo. Kano ikichanika, ncha hizo nazo huumia. Uvimbe unaweza kushuka na maumivu yakaisha, lakini mchezaji akabaki na kifundo kisichotoa taarifa sawasawa. Anajiona mzima, anatembea vizuri, kisha siku moja mguu unamwachia ghafla akiwa peke yake na mpira. Freeman aliwapa wagonjwa wake mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja juu ya ubao unaoyumba, na miguu yao ikapunguza tabia ya kuwaachia.

Hapo ndipo ilipo hatari ya enka kwa mchezeshaji. Anayecheza kwa mguu wa kulia hupiga pasi ndefu akiwa amesimama kwa wa kushoto. Mguu wa kusimamia ndio unaobeba mwili wote na kuugeuza nyonga ikizunguka. Mguu huo usipoaminika, pasi ya mita 40 hufika mita 30. Lakini kuna hasara nyingine ambayo mashabiki hawaioni. Fundi hucheza akiwa ameinua kichwa: anajua nani yuko wapi kabla mpira haujamfikia. Mwenye enka inayouma huanza kuangalia anapokanyaga. Anachelewa nusu sekunde, anageukia upande mmoja tu, anatoa mpira nyuma. Kocha aliye pembeni anadhani kijana ameishiwa pumzi au amepoteza hamu, kumbe akili yake imehamia mguuni.

Hakuna mchezo unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mpira wa miguu wa Marekani, ule wa kofia ngumu na mpira wa yai. Huko timu nzima hutegemea mtu mmoja, kwotabeki, anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe kwa nani. Ingawa anarusha kwa mkono, nguvu hutoka chini: huusukuma mwili kwa mguu wa nyuma, huutua wa mbele, nyonga inazunguka, mkono unamalizia.

Tarehe 1 Desemba 2018, Chuo Kikuu cha Alabama kilicheza fainali ya ukanda wake dhidi ya Georgia mjini Atlanta. Kwotabeki wake, Tua Tagovailoa, alikuwa katika msimu wa ajabu. Siku hiyo alicheza muda mrefu akichechemea, na kati ya mipira 25 aliyorusha ni 10 tu iliyowafikia wenzake. Miwili ilidakwa na wapinzani. Robo ya mwisho kifundo cha kushoto kikagoma kabisa. Alabama ilikuwa nyuma kwa 28 kwa 21. Akaingia Jalen Hurts, kijana aliyekuwa amenyang'anywa namba na Tagovailoa huyohuyo mwanzoni mwa mwaka, akabaki chuoni badala ya kuondoka. Hurts alirusha mpira wa kusawazisha, kisha akakimbia mwenyewe kufunga la ushindi: 35 kwa 28.

Jeraha la Tagovailoa halikuwa lile la kawaida la upande wa nje. Lilikuwa la juu ya kifundo, mahali kano zinapouunganisha muundi na mfupa mwembamba. Jeraha hili hutokea wayo unapozungushwa kwa nguvu kwenda nje, na kila hatua huitanua mifupa hiyo miwili upya, ndiyo maana huchukua muda mrefu zaidi kupona. Madaktari walimfanyia upasuaji wa kupitisha uzi imara kati ya mifupa na kuukaza kwa vifungo vidogo vya chuma. Alirudi uwanjani kabla mwezi haujaisha, akaifunga Oklahoma tarehe 29 Desemba. Mwaka uliofuata, Oktoba 2019, ikawa zamu ya kifundo cha kulia: jeraha lilelile, upasuaji uleule, na siku 21 tu baada ya kuumia akacheza dhidi ya timu ya chuo cha LSU. Alabama ikafungwa 46 kwa 41. Wiki iliyofuata akavunjika nyonga na msimu wake ukaisha. Nafasi ikabaki kwa Mac Jones, ambaye msimu wa 2020 aliipa Alabama ubingwa wa taifa.

Hadithi hii inafaa kusomwa Songea kwa sababu moja kubwa. Alabama ilikuwa na madaktari, vipimo na vyumba vya upasuaji, lakini kilichoiokoa kule Atlanta ni mchezaji wa akiba aliyekuwa tayari. Hilo la mwisho halihitaji fedha.

Kwa wapenzi wa soka, mfano ulio karibu zaidi ni Neymar. Kifundo chake cha kulia kilimnyima Copa América ya 2019 baada ya kuumia kwenye mechi ya kirafiki na Qatar. Kombe la Dunia 2022, kifundo kilekile kiliumia kwenye mechi ya kwanza dhidi ya Serbia, akakosa mechi mbili. Februari 2023 kikaumia tena, akicheza na Lille, na Machi akafanyiwa upasuaji wa kano mjini Doha. Hakuna jambo linalotabiri teguko vizuri kama kuwa umeshateguka kabla, na fedha za klabu yake ya Paris hazikulibadilisha hilo.

Sasa turudi kwenye viwanja vyetu. Kijana akiteguka, msaada wa kwanza anaoupata mara nyingi ni wa kuumiza zaidi: anakandwa kwa maji ya moto jioni ileile, kisha anatafutwa mtu wa kumchua hadi machozi yamtoke. Saa za mwanzo mishipa midogo ya damu iliyochanika bado inavuja. Joto huipanua, kuchua huichana upya, na uvimbe uliokuwa wa yai unakuwa wa chungwa. Kinachotakiwa siku hizo mbili tatu ni kuacha kucheza, kuuinua mguu, na kuufunga bandeji ya kunyumbuka bila kuzuia damu. Barafu hutuliza maumivu. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza ushauri wa mapumziko na barafu mwaka 1978, baadaye mwenyewe alikiri kwamba barafu nyingi na mapumziko kamili huweza kuchelewesha uponaji. Ndiyo maana leo majeruhi hushauriwa kuanza kukanyaga na kuchezesha mguu taratibu mapema, kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Je, umevunjika? Swali hilo lina jibu zuri linaloweza kutumika hata pembezoni mwa uwanja. Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitunga kanuni rahisi. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa uliojitokeza kifundoni, ndani na nje, kuanzia ncha yake hadi sentimita 6 juu. Bonyeza pia mfupa uliojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na ule wa juu ya wayo upande wa ndani. Mwambie atembee hatua 4. Kama mfupa unauma ukibonyezwa, au hatua 4 zimemshinda tangu alipoumia, apelekwe kupigwa eksirei, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ile ya Peramiho. Kama hakuna hata kimoja, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kila mwalimu wa michezo mkoani Ruvuma anaweza kujifunza kanuni hiyo kwa mchana mmoja.

Kazi ngumu huanza baadaye, maumivu yakishaisha. Teguko dogo huweza kuruhusu kucheza baada ya wiki moja hadi tatu. Kano iliyochanika kabisa huhitaji miezi, na kano hizo huendelea kujijenga hadi karibu mwaka. Hapa ndipo sindano ya kutuliza maumivu wakati wa mapumziko ya mechi inapokuwa dhuluma. Inaondoa onyo, haiponyi kitu. Kocha anayeitaka kwa ajili ya nusu fainali anamkopa kijana mguu ambao atakuwa anautumia darasani kama mwalimu kwa miaka 30 ijayo.

Kipimo cha kurudi kisiwe kalenda. Kiwe mguu wenyewe ukilinganishwa na mwenzake: asimame kwa mguu mmoja macho yamefumbwa, arukeruke kwa mguu huo mbele na pembeni, apande na kushuka kwa vidole, akimbie kwa kukata kona mara nyingi bila kusita. Mguu ulioumia ukishindwa pale mzima unapoweza, bado.

Na mazoezi ya kuurudishia kifundo taarifa zake hayana gharama. Nchini Uholanzi, wanamichezo 522 walioteguka walifuatiliwa kwa mwaka mzima, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Karibu nusu yao walipewa mazoezi ya mizani ya kufanya nyumbani kwa wiki 8, wenyewe, bila msimamizi. Hatari yao ya kuteguka tena ilipungua kwa 35%. Kwa mwenye historia ya kuteguka, kufunga kifundo plasta au kuvaa kishikizo kwa miezi ya mwanzo ya kurudi huongeza kinga.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Mjini Lagos, Nigeria, vijana 416 wa timu 20 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Baadhi ya timu zilipewa programu ya kupasha mwili ya FIFA inayoitwa 11+: kukimbia taratibu, kuimarisha misuli ya tumbo na paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa, kukata kona. Majeraha katika timu hizo yalipungua kwa 41%, na yale ya miguu kwa 48%. Programu hiyo haihitaji mashine yoyote, ni mpira na uwanja tu, hata huu wetu wenye mashimo, mradi yafukiwe kwanza.

Basi makocha wa vyuo vya Songea wana kazi mbili kabla ratiba ya mwaka huu haijatoka. Wampe mchezeshaji wa pili dakika za kweli kwenye kila mechi ya kirafiki, si zile tano za mwisho timu ikiwa inaongoza kwa mabao manne, ili mwaka wa kwanza aliyekaa benchi ajue sauti ya timu siku akiitwa. Na wawapashe mwili wachezaji wote kwa programu hiyo, dakika 20 kabla ya mazoezi, angalau mara mbili kwa wiki, wa akiba wakiwemo.