Uchaguzi wa Cherehani kwa Vikundi Vinavyoanza Kushona Mifarishi



Katika mojawapo ya ziara zangu za ukaguzi nilikuta chama cha akina mama kimeweka ofisini cherehani ya umeme iliyofunikwa kanga. Ilikuwa na aina nyingi za mishono ya mapambo. Baada ya miezi michache iliharibika. Fundi wa pale hakuweza kuitengeneza, wala vipuri vyake havikupatikana mjini. Fedha iliyoinunua ilikuwa ya hisa za wanachama, zilizochangwa haba na haba. Mifarishi waliyokusudia kuuza haikushonwa. Kwa sababu hiyo naona inafaa nieleze mambo ya kuzingatia kabla ya kununua.

Mfarishi una tabaka tatu: juu ni vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, kama mabaki ya vitenge, katikati pamba, na chini bitana. Basi kazi ya cherehani ni mbili tu: kuunganisha vipande kwa mshono ulionyooka, na kupenya tabaka zote tatu bila kuruka. Uzuri wa mfarishi hutokana na rangi na mpangilio wa vipande, wala hautokani na wingi wa mapambo ya mashine.

Kwanza, aina. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu humfaa anayeanza kuliko ya kuzungusha kwa mkono, kwani huacha mikono yote miwili iongoze kitambaa. Tena haihitaji umeme. Mashine za kiwandani huenda kasi mno kwa mwanafunzi.

Pili, vipuri. Chagueni cherehani ambayo sindano, bobini na mkanda wake vinauzwa duka la karibu, na ambayo fundi wenu anaifahamu. Singer nyeusi za zamani, na Butterfly zitokazo China, zinafahamika kwa mafundi wengi.

Tatu, nafasi. Tazameni upana uliopo kati ya sindano na nguzo ya mashine, maana mfarishi uliokunjwa hupita hapo. Ikiwa nafasi ni ndogo, anzeni na mifarishi ya watoto wachanga.

Nne, jaribio. Msilipe kabla ya kujaribu. Chukueni vitambaa vyenu wenyewe pamoja na pamba, mvipige bandi visihame, kisha mshone mstari mrefu kwa sindano namba 16. (Kwa kuunganisha vipande peke yake, namba 14 yatosha.) Geuzeni mtazame chini. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, uzi wa juu umelegea au haukupitishwa sawasawa. Rekebisheni na mjaribu tena. Mishono ikiendelea kurukaruka hata baada ya kutia sindano mpya, iacheni cherehani hiyo. Ikiwa imekwisha kutumika, zungusheni gurudumu kwa mkono: liwe jepesi, lisikwaruze. Kagueni pia meno yanayosukuma kitambaa. Yakiwa yamelika, tabaka tatu hazitasogea vizuri. Afanyaye jaribio hili awe mwanamama atakayeshona, wala asiwe mwenyekiti au katibu kwa niaba yake.

Cherehani ikishafika, itiwe mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kuikwamisha.

Mwisho, nawakumbusha makatibu wajibu wao. Uamuzi wa kununua uandikwe katika muhtasari wa mkutano. Stakabadhi iwe kwa jina la chama, si la mtu. Na namba iliyogongwa kwenye mashine iingizwe katika daftari la mali siku hiyo hiyo. Kipande kile cha majaribio msikitupe. Kibandikeni pamoja na stakabadhi, ili mwanachama yeyote akiuliza fedha yake ilinunua nini, aonyeshwe mshono wenyewe.